Mzee Bado na Ndizi za Jumatatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamume mwenye mvi anasimama mbele ya mlango mzito wa chuma na kuanza kujinusa. Ananusa viganja. Ananusa mikono ya shati. Anavuta kola na kuingiza pua ndani, kama mtu aliyeangusha kitu kifuani mwake. Akisharidhika, anavaa koti jeupe, anabadilisha viatu, anausukuma mlango kwa bega na kupotelea ndani.

"Anayeniona mara ya kwanza husema mzee kapata wazimu," anasema, na kucheka kicheko kifupi. "Lakini humu siingii nikinuka tunda. Nikimenya chungwa asubuhi, basi nimejifungia nje mwenyewe."

Ndani ni chumba kisicho na dirisha hata moja. Taa nyeupe zimeshushwa karibu na vichwa vya mimea, feni zinavuma, na kwenye rafu ndefu zimepangwa ndoo za nyanya, kila shina limeshikiliwa na kamba kutoka darini. Nyingine zina maua, nyingine vitunda vidogo kama gololi, nyingine matunda makubwa ya kijani. Nyekundu hakuna. Nyanya inayokaribia kuiva huhamishiwa chumba cha mwisho wa ujia, mbali na nyingine.

Mzee anatoa mfukoni mswaki wa betri, anauwasha, na kuugusisha kwenye shina la ua. Ua linatetemeka na kumwaga vumbi la njano.

"Humu hakuna upepo, hakuna nyuki," anasema. "Nyuki ni mimi."

Kisha anafunga uzi wa bluu kwenye kikonyo cha ua hilo. Juma lililopita uzi ulikuwa mweupe, na kabla yake wa zambarau. Kwa nyuzi hizo anajua umri wa kila tunda chumbani, na hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya: kulea nyanya ambazo hakuna atakayezila.

Katika kituo hiki cha utafiti wa mazao, ukimtaja kwa jina alilopewa na wazazi wake, watakutolea macho. Wote wanamjua kama Mzee Bado. Jina hilo alilipata kwa mlinzi wa getini, ambaye kila asubuhi alikuwa akimuuliza kama nyanya zimeiva ili naye apate za mboga, na kila asubuhi akajibiwa neno hilo moja.

"Miaka mitatu namuuliza, miaka mitatu bado," anasema mlinzi huyo, mtu wa maneno mengi. "Nikasema huyu nyanya zake ni za pambo. Hata mke wangu sasa nikimuuliza chakula, ananijibu kwa jina la mzee."

Anayeongoza utafiti ni mwanamke ambaye kituo kizima humwita Daktari, ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Yeye anasema tunda halina masikio, lakini lina vipokezi, sehemu ndogo mno ndani ya seli ambazo kazi yake ni kupokea habari zinazoletwa na homoni za mmea.

"Kuna homoni moja ni hewa tu, inaitwa ethilini," anaeleza. "Hiyo ndiyo inayoliambia tunda: iva."

Mtu angedhani kipokezi ndicho kinachosikia na kupiga mbio kuliamsha tunda. Daktari anatikisa kichwa.

"Ni kinyume chake. Kipokezi kikiwa kitupu, hakijapata habari yoyote, ndipo kinapofanya kazi. Kinalizuia tunda lisiive. Ni kama bawabu anayerudisha watu mlangoni. Ethilini ikifika, bawabu ananyamaza, na tunda linaanza safari yake."

Vipokezi hivyo hutengenezwa kwa maagizo ya jeni kadhaa za ukoo mmoja. Jeni inapofanya kazi hutoa nakala za maagizo yake, na nakala hizo huhesabika kwa mashine. Daktari anataka kujua ni jeni ipi inatoa nakala nyingi tunda likiwa changa, ipi inasubiri hadi utu uzima, na ipi inabadilika siku tunda linapoanza kugeuka rangi. Akilijua hilo vizuri, huenda siku moja mkulima akapata nyanya itakayofika sokoni bila kuvuja ndani ya tenga.

Mzee Bado analieleza kwa namna yake.

"Ndani ya tunda kuna watu wanaosema bado, bado, bado. Wakichoka, linaiva."

"Hawachoki, baba," Daktari anamsahihisha. "Wananyamazishwa."

"Haya, wananyamazishwa. Lakini nao watakuwa wamechoka."

Daktari anaangua kicheko na kuliacha lilivyo.

Adui mkubwa wa kazi hii ni tunda lililoiva. Yeyote aliyewahi kuvundika ndizi anaelewa: unachukua moja iliyoiva, unaifunika pamoja na mbichi, na baada ya muda mkungu mzima umebadilika. Hewa ile ile inayotoka kwenye ndizi huingia kwenye nyanya. Ndiyo sababu Mzee Bado hali pamoja na wenzake. Kwenye mkahawa wa kituo watu humalizia mlo kwa papai na machungwa, wakapangusa mikono, wakamshika bega wakimsalimia. Yeye hula peke yake kwenye benchi nyuma ya tangi la maji, ananawa hadi kwenye viwiko, na kurudi chumbani.

Daktari anasema hakumwagiza afike huko. Kunawa na kubadilisha koti kungetosha. Mzee amejiwekea sheria kali kuliko ya wakubwa wake, na sababu anaijua mwenyewe.

Nyumbani pia yuko peke yake. Anakaa chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, mwendo mfupi kutoka getini. Kuna kitanda, meza, redio iliyofungwa kwa mpira, viti viwili na vikombe viwili. Kikombe cha pili kimepinduliwa juu ya sahani, kikavu, na kila Ijumaa anakiosha pamoja na cha kwanza.

"Mama yake binti yangu alitangulia miaka sita iliyopita," anasema. "Nilifikiri nitazoea. Upweke hauzoeleki. Unajifunza tu kukaa nao chumba kimoja."

Binti huyo ndiye mtoto wake pekee. Ni fundi cherehani katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Zamani alikuwa akija kila alipomaliza kushona sare za shule, msimu unapopoa. Alikuwa akifika bila taarifa, akimkuta baba yake anafua, akimnyang'anya beseni na kumwambia, "Baba, hizi kola unazisugua au unazibembeleza?"

Mara ya mwisho kufika ni mwaka jana.

Alikuja Jumamosi jioni, safari hii kwa taarifa, na baba alikuwa amemwambia hataingia kazini hadi Jumatatu. Mlinzi, aliyemfahamu tangu akiwa msichana, alimfungulia geti na kumwonyesha njia hadi ndani, kwa kuwa mzee alikuwa chumba cha kunawia akijiandaa kutoka. Mkononi alikuwa na mfuko wenye ndizi zilizoiva vizuri, zile fupi nene ambazo baba yake anazipenda kupita kiasi. Akaufungua mlango wa chuma, akaona chumba safi chenye ubaridi mzuri, akauficha mfuko chini ya rafu ya mwisho na kutoka kabla baba yake hajamwona.

Mwandishi wa makala haya alizungumza na binti huyo kwa simu. Anaongea taratibu, na nyuma yake cherehani inasikika ikisimama na kuanza tena.

"Nilikuwa naondoka Jumapili jioni," anasema. "Baba, kesho yake baada ya mimi kuondoka huwa hali chakula. Jirani aliniambia. Nikasema Jumatatu akifungua ule mlango akute kitu changu. Ajue kwamba ameachwa lakini hajaachwa kabisa."

Cherehani inasimama.

"Sikujua kama nyanya zinasikia ndizi."

Hakuwahi kuambiwa. Kila alipoulizia kazi ya baba yake, alijibiwa, "Namwagilia nyanya, mama," na mazungumzo yakahamia kwingine. Mzee anakiri hilo bila kusukumwa: ilikuwa kazi ngumu kuieleza, na binti alikuwa na siku chache. Walitumia siku hizo kucheka.

Jumapili hiyo mzee alikuwa ameomba ruhusa, kitu alichokifanya mara chache mno. Maji yalifunguliwa kwa bomba la nje na mlango haukuguswa. Walishinda pamoja, wakapika, wakamwongelea mama wa binti bila kulia. Jioni akamsindikiza stendi.

Jumatatu asubuhi aliusukuma mlango, na kabla hajaingiza mguu wa pili akaipata harufu.

"Nilijua palepale," anasema. "Nilijua ni ndizi, nilijua ni za nani, nilijua zimewekwa kwa nini. Nikakaa chini, nikaupakata ule mfuko kama mtoto."

Matunda makubwa ya kijani yalikuwa yameanza kupauka na kuingia wekundu kabla ya siku zake. Yale machanga yalionekana mazima, na kwa saa chache mzee alijipa matumaini. Daktari ndiye aliyemvunja moyo, kwa upole. Tunda changa likipata ethilini haliivi siku hiyo, alimweleza, lakini vipokezi vyake hupungua na mambo ya ndani hubadilika. Kwa macho ni lile lile, kumbe habari limeshaipata. Hesabu yoyote ambayo wangeitoa hapo isingekuwa ya kuaminika. Msimu mzima ukang'olewa na kuchomwa.

Wakuu wa kituo waliuliza nani kaingiza ndizi. Mzee akajibu, "Mimi." Waliuliza mara ya pili, kwa kuwa hakuna aliyemwamini, na akajibu vilevile. Alisimamishwa kazi mwezi mzima, na kidogo amwage unga. Daktari ndiye aliyesema kwamba hatapata mtu mwingine wa kushika ule mswaki.

"Angenitaja mimi niliyemfungulia bintiye, leo ningekuwa nalinda kuku," anasema mlinzi, na kwa mara ya kwanza hana mzaha. "Hakunitaja. Hakumtaja mtoto wake. Alichukua kofia yake akaenda, macho makavu."

Binti alipopiga simu jioni ile kuuliza kwa furaha kama baba kaikuta zawadi, mzee alimwambia zilikuwa tamu sana. Alimwambia amezila zote. Akamshukuru.

Uongo huo haukuishi hata juma moja. Binti alipiga tena mchana wa siku ya kazi, akasikia kuku na redio badala ya feni, akashangaa baba yuko nyumbani. Akampigia mlinzi, na mlinzi, ambaye hajui kuweka siri hata akilipwa, akamweleza kila kitu.

Tangu siku hiyo hajarudi.

Hawakugombana. Hilo ndilo linalomuuma mzee. Ugomvi angeujua namna ya kuumaliza. Binti anapiga simu, anasalimia kwa heshima, anauliza mgongo unaendeleaje. Akiulizwa atakuja lini, anasema kazi nyingi baba, sare za shule, mashine imeharibika, mwezi ujao.

"Namwambia njoo mama, yameisha. Ananijibu bado baba, bado kidogo," anasema mzee. "Hilo neno sikujua lina uchungu namna hii. Watu nimewajibu nalo miaka yote, wakacheka."

Binti mwenyewe hatafuti visingizio.

"Naona aibu," anasema. "Baba yangu kwa umri wake kasimama mbele ya watu kama mwanafunzi mtoro, kwa ajili yangu. Nitapita vipi pale getini? Nitakaa vipi kwenye kile kiti? Namkumbuka hadi nashindwa kutia uzi kwenye sindano. Lakini miguu inakataa."

Mbegu zilipandwa upya mzee aliporudi kazini. Ilibidi kuanza mwanzo kabisa: miche, maua, mswaki, nyuzi. Alifanya kazi Jumapili zote, hata zile ambazo Daktari alimwambia apumzike. Hakutaka tena kuomba ruhusa. Na ndipo alipoanza kujinusa mlangoni.

Leo ndiyo siku ya mavuno ya mwisho. Daktari ameingia na chupa kubwa ya chuma inayofuka moshi mweupe, ndani yake naitrojeni ya kimiminika, baridi kiasi cha kugandisha nyama ya tunda kufumba na kufumbua. Haraka hiyo ni ya lazima, kwa sababu tunda lililokatwa kwenye shina hujua limekatwa, na nakala zile za jeni huanza kubadilika.

Wanafanya kazi bila kusemezana. Mzee anasoma uzi, anakata tunda, analipasua vipande vyembamba, anavitumbukiza. Kimiminika kinachemka, kinatulia. Daktari anavichota na kuvifungia kwenye vichupa. Midomo ya mzee inatembea. Anaongea na nyanya. Zamani alikuwa akiona haya kufanya hivyo mbele ya watu.

"Unaziambia nini?" Daktari anamuuliza kichupa cha mwisho kinapofunikwa.

"Naziaga."

Sampuli zimetimia. Kwenye rafu imebaki mimea kadhaa yenye matunda makubwa ya kijani ambayo hayamo kwenye hesabu. Yalilelewa kama akiba, endapo mengine yangeugua. Desturi ni kuing'oa siku hiyohiyo, chumba kikaoshwa. Daktari anavua glavu, anaiangalia, anasema ameahidi kuwaonyesha wanafunzi wa chuo, Jumatatu ijayo, jinsi tunda moja lililoiva linavyoamsha mengine.

"Zinahitajika ndizi," anasema. "Zifungiwe humu Jumamosi jioni. Nimtume nani sokoni?"

Mzee Bado anaupangusa mswaki kwa pindo la koti, anauzima, anauwasha tena bila sababu.

"Usimtume mtu, Daktari," anasema. "Ndizi ninazijua mimi zinakotoka."

Daktari anamtazama. Alikuwa ameshakisia siku nyingi nani aliyeweka ule mfuko, anasema baadaye, lakini mzee alikuwa amelibeba jambo lile kwa namna ambayo yeye hakuona kama ana haki ya kumtua. Anaitikia kwa kichwa tu.

Mzee anatoka hadi kwenye benchi lake nyuma ya tangi. Anashika simu kwa mikono miwili. Inaita kwa muda mrefu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Mgongo unaendeleaje?"

"Mgongo uache. Sikiliza. Nina kazi yako."

"Kazi gani, baba? Mashine yenyewe…"

"Daktari anahitaji ndizi. Zikae ndani ya kile chumba Jumamosi, tuzifungie na nyanya. Makusudi. Wanafunzi waje waone. Nimemwambia ninaye mtaalamu wa kazi hiyo."

Cherehani upande wa pili imesimama.

"Baba, usinitanie."

"Sikutanii. Muulize yeye. Mwaka jana ulifanya jaribio zuri, ila hukutupa taarifa."

Sauti inayotoka kwenye simu ni ya kicheko, kisha si ya kicheko. Mzee anaangalia juu. Anamwacha alie, hamharakishi.

"Nilikuharibia, baba," binti anasema hatimaye.

"Uliniletea ndizi, mama. Nilizila zote. Hapo sikukudanganya. Niliketi sakafuni nikazila moja baada ya nyingine, na nyanya zinanitazama."

Anasikika akipenga kamasi. Kisha, kwa sauti ndogo ya fundi anayeuliza kipimo cha mteja:

"Unataka zilizoiva sana, au za wastani?"

"Zilizoiva hasa. Zilezile fupi. Na safari hii uingie nazo mlangoni mimi nikikuona."

"Jumapili itabidi nirudi, baba."

"Jumapili hurudi. Ndizi zako ziko kifungoni, utaziacha na nani?"

Binti anasema atauliza basi la alfajiri. Hasemi mwezi ujao. Mzee anaiweka simu mfukoni, anaitoa, anahakikisha imekatika, anairudisha. Anakaa kidogo na viganja juu ya magoti. Halafu, kwa mazoea, anavileta puani na kuvinusa, ingawa leo mchana chumba kile hakina tena cha kulindwa.

Anasema atanunua godoro la pili, jembamba. Atamwonyesha binti yake nyuzi, na mswaki, na namna ua linavyotetemeka. Atamweleza kazi yake yote kuanzia mwanzo, hata sehemu asizozijua vizuri, na Daktari akitaka kumsahihisha amsahihishe mbele ya mtoto. Ameulizwa nini hasa anachokingojea katika hayo yote, naye anageuka kuutazama ule mlango wa chuma.

"Jumatatu ile niliufungua peke yangu," anasema. "Jumatatu hii tutaufungua wawili."